Jina la Mama Mzazi

Siku ya Jumatatu, tarehe 8 Aprili 2002, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mwatime Hamadi Mwinyikai, karani wa usajili katika kliniki moja ya watoto mtaani Gulfton, Houston, alibonyeza kitufe mara moja, na printa ikatoa karatasi mbili.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Printa ile ilikuwa kuukuu na ilikuwa na desturi ya kumeza karatasi, lakini kutoa zaidi ya ilivyoamriwa haikuwa desturi yake. Mwatime alizishika karatasi hizo za lebo, zile zinazobanduliwa na kubandikwa kwenye chupa za damu na ubavuni mwa jalada, akazilinganisha mstari kwa mstari kama alivyofunzwa kulinganisha nakala katika ofisi za bandari ya Mombasa mwaka 1981. Hazikupishana hata nukta. Zote mbili zilikuwa na jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na jina la mama yake mzazi. Ila ya pili ilikuwa na unyevu, kana kwamba imeshikwa na mkono uliotoka kuoshwa sasa hivi, na ilinuka karafuu mbichi.

Akaichana, akaitupa, akamwita mgonjwa anayefuata.

Mtoto mwenye lebo hizo alikuwa ameletwa saa nne kamili na bibi yake, Bi Amna Kombo, mwanamke wa Wete, Pemba. Aliyewaleta Houston ni mwanawe Bi Amna, Swafwani, dereva wa teksi aliyepata viza kwa bahati nasibu mwaka 1996. Alimleta mama yake pamoja na huyu mtoto wa marehemu dada yake. Mtoto alikuwa na miaka sita, mpole, mwenye macho makubwa na magoti membamba, na katika karatasi zake zote, pasipoti ikiwamo, aliitwa Jaa, yaani jalala.

Bi Amna alijibu maswali ya fomu bila kinyongo. Lugha ya nyumbani, Kiswahili. Dini, Uislamu. Watu wanaolala nyumba moja, watatu. Rangi ya mtoto akaitaja kwa kicheko, akisema kwao hakuna anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analiona. Lakini walipofika kwenye swali la kumi na saba, jina la mama mzazi, akaikunja mikono yake ndani ya buibui.

"Huyu hana jina la mama la kuandikwa," alisema.

"Bibi, kila mtu ana mama."

"Anaye. Yuko kaburini Wete tangu mwaka tisini na tisa. Wewe andika huyu ni Jaa, ameokotwa. Utakuwa hukusema uongo, mwanangu, na mimi nitalala."

Mwatime hakuwa mgeni wa maneno hayo, na hili ndilo lililokuja kumwelemea baadaye, kwamba hakuweza kujitetea kwa kutojua. Alizaliwa na kulelewa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Alijua kwamba mwenye kupiga falaki na mwenye kutuma shari huuliza mambo mawili kwanza, jina lako na jina la mama yako, kwa sababu baba huweza kusingiziwa, mama hapana. Alijua pia kwamba mtoto hapewi jina la jalala bila sababu. Lakini alikuwa Amerika tangu mwaka 1989, na mezani kwake palikuwa na jambo lililompa fahari, na fahari hiyo ikashinda alilolijua. Kila Ijumaa msimamizi wao Charlotte, Mmarekani mtaratibu asiyemdhulumu mtu, alibandika ubaoni hesabu ya fomu zilizojazwa bila pengo, kisha akazituma zote makao makuu karibu na Haltom City, upande wa Fort Worth, ambako zilichambuliwa ili ijulikane watoto wa wahamiaji ni wangapi, wa kabila gani, wanaishije na wanahitaji nini. Mwezi wa Machi Mwatime hakuwa na pengo hata moja. Hakuna karani mwingine, Houston wala Fort Worth, aliyekuwa amefikia hapo.

Kwa hiyo muuguzi Elphas alipomwita Bi Amna chumba cha pili wasome pamoja kadi ya chanjo, Mwatime aliinama juu ya meza akampa mtoto kibandiko cha picha ya simba.

"Bibi anakuitaje anapokuombea dua?"

Mtoto alitazama mlango. "Ni siri."

"Mimi ni karani," Mwatime alisema kwa upole. "Siri za watu wote ninazo mimi."

Mtoto akanong'ona. Alisema yeye ni Hudhaifa, na mama yake ni Intisar. Mwatime akayaandika yote mawili, akabonyeza kitufe mara moja, na yaliyofuata yamekwisha kuelezwa.

Sheria ya faragha ya wagonjwa ilikuwa bado mwaka mzima kuanza kushurutishwa, tarehe 14 Aprili 2003, na hata ingekuwapo, haielekei kwamba mwenye kuitunga angefikiria kisa kama hiki.

Siku hiyo Jaa alipimwa akawa na ratili arobaini na nne. Tarehe 22 Aprili, Jumatatu, aliporudishwa kwa chanjo ya pili, alikuwa na ratili arobaini na moja. Bi Amna alisema mtoto anakula, tena anaomba nyongeza. Elphas aliipima mizani kwa kujipima mwenyewe, akakuta haina kosa, na akamwambia Bi Amna asiwe na wasiwasi, watoto hupungua wanapozoea chakula kigeni.

Wakati wanasubiri kutoka, chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa. Akina mama wa Kongo walikuwa upande wa dirishani, wa Meksiko upande wa mlango, kiyoyozi kikinguruma juu ya wote. Ndipo kipaza sauti cha ukutani kikakwaruza, kama kikwaruzavyo karani anapokiwasha, na sauti ya mwanamke kijana ikaita kwa taratibu, kwa lafudhi ya Pemba:

"Hudhaifa wa Intisar."

"Naam," mtoto akaitika.

Bi Amna alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Alimtazama Mwatime kupitia kioo cha meza, na Mwatime akakitazama kipaza sauti kilichokuwa mbele yake. Taa yake nyekundu ilikuwa imezimwa. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Wengine wote chumbani waliendelea na mazungumzo, kwa maana jina lililoitwa halikuwa lao, na chini ya harufu ya dawa ya kusafishia sakafu kulikuwa na harufu ya karafuu zilizoanikwa.

"Nani amekwambia jina hilo?" Bi Amna aliuliza alipolifikia dirisha la meza. Hakupaza sauti. Mwatime alisema hajui, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini tangu aajiriwe.

Siku iliyofuata alifika mapema, akalifungua jalada la Jaa na kuichapisha fomu yake ili aone palipo na kosa. Fomu ya kliniki ile ilikuwa na maswali ishirini na mawili. Aliyajua kwa moyo, kwani tafsiri ya Kiswahili aliiandika yeye. Hii ilikuwa na ishirini na matatu. Swali la mwisho, kwa herufi zile zile na kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chake, liliuliza: Hulala upande gani? Na jibu lilikuwa limejazwa: Ubavu wa kulia, uso ukutani.

Alimwonyesha Elphas. Elphas alikuwa Mluhya wa Kakamega, mlokole, mtu wa mizaha, na aliisoma karatasi huku akitafuna andazi.

"Mama Mombasa, haya majini yenu mlikuja nayo na viza ya namna gani? Ya kikazi au ya wanafunzi?"

"Elphas, mimi sifanyi mzaha."

"Nimeona. Ndiyo maana nafanya mimi." Kisha akaitazama tena karatasi, akaacha kutafuna. "Huyu mtoto hajawahi kulazwa hapa. Nani anajua anavyolala?"

Mwatime alilifuta swali lile na jibu lake, akalifuta jina la mtoto na la mama yake, akaandika Jaa, akaandika ameokotwa, akahifadhi. Asubuhi ya pili yote yalikuwa yamerudi, na maswali yalikuwa ishirini na matano. Alifuta tena. Aliwapigia mafundi wa Fort Worth, nao wakamweleza kwa adabu kwamba kila usiku kompyuta za Houston hujazwa upya kutoka kwenye ile kubwa ya makao makuu. Kinachokwisha kutumwa hakirudi, na taarifa za mgonjwa hazifutwi kwa ombi la karani. Basi kila asubuhi akawa anafuta, na kila asubuhi akawa anasoma. Dirisha la chumbani hufungwa kwa nini? Kwa mpini wa ufagio. Nani huamka wa kwanza? Mjomba, huenda kazini saa kumi. Bibi husahau kusoma siku gani? Anapoumwa miguu. Kitovu chake kimezikwa wapi? Na hapo palitajwa shamba, na mkarafuu wa tatu kutoka kisimani. Tarehe 13 Mei, siku ambayo Jaa alipimwa akawa na ratili thelathini na saba, swali la thelathini na tisa liliuliza: Akiitwa mara ngapi huitika? Na jibu lilikuwa: Mara moja.

Ijumaa, tarehe 24 Mei, simu ya mezani ililia kutoka Haltom City. Alikuwa Gaudence, karani mwenzake wa makao makuu, mwanamke wa Bukavu ambaye walijuana kwa sauti tu.

"Dada Mwatime, nikuulize kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. "Ule mutoto wa Pemba, mama yake ni muzima?"

"Amefariki. Kwa nini?"

Gaudence akaeleza kwamba asubuhi ile mwanamke alipiga simu, akazungumza Kiswahili cha pwani, akajitambulisha kuwa ndiye mama wa mtoto, amepotezana naye, anaomba kujua anakaa wapi. Gaudence alimwuliza maswali matatu ambayo kila karani alitakiwa kumwuliza mpigaji kabla ya kutoa taarifa yoyote: jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama mzazi.

"Alijibu yote, dada. Pale pale, bila kufikiri. Sasa mi ningefanya nini? Nilimupatia adresi."

"Na namba ya mlango?"

"Na namba ya mlango." Kisha Gaudence akasema kwa kunong'ona kwamba kilichomfanya apige simu hakikuwa hicho. Ni kwamba alipokata simu aliona waya wake umechomoka ukutani, na mwenzake wa meza ya pili akamwambia umechomoka hivyo tangu wasafishaji walipopita jana jioni.

Mwatime alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Fleti ya Swafwani ilikuwa mitaa mitatu kutoka kliniki, ghorofa ya chini, mlango uelekeao uwanja wa magari. Ilikuwa saa saba mchana na jua la Houston lilikuwa limewakimbiza watu wote ndani. Mbele ya mlango ule sakafu ilikuwa na alama za maji, alama za nyayo zisizo na kisigino, zinazokuja, zisizoondoka. Bi Amna alifungua kabla hajabisha, akamvuta ndani kwa mkono. Jaa alikuwa ameketi kitako juu ya mkeka, uso ukutani, na kila baada ya muda, kwa adabu, kama mtoto anayejibu aliye karibu naye sana, alisema, "Naam." Akanyamaza. "Naam."

"Kimekuja leo," Bi Amna alisema. "Siku zote kilikuwa kinazunguka mjini kama kipofu, leo kimeujua mlango. Nani amekielekeza?"

Mwatime alimweleza yote: kibandiko cha simba, fomu, Haltom City, maswali thelathini na tisa. Hakupunguza. Bi Amna alisikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza aliulizwa jambo moja tu.

"Ulipomwuliza, alikwambia ni siri?"

"Alinambia."

"Na wewe mtu mzima ukampa picha."

Baada ya hapo Bi Amna hakumlaumu tena, na kwa Mwatime hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Alimsimulia kwa sauti ya chini kwamba Intisar alizaa watatu kabla ya huyu, na hakuna aliyefikisha arubaini; kila mmoja alikauka kwa kuitika sauti ambayo wengine hawakuisikia. Wa nne alipozaliwa, tarehe 19 Februari 1996, walimlaza juu ya ungo, wakampeleka jaani, wakamwacha. Jirani akapita akauliza hiki ni cha nani, akajibiwa ni taka, akamnunua kwa kibaba cha mchele, akawarudishia wamlee kama mtoto wa watu. Tangu hapo kile kitu kikawa kinatafuta mtoto wa Intisar na hakimpati, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba yupo.

"Mpaka nilipoandika," Mwatime alisema.

"Mpaka ulipoandika. Na kule kununuliwa kumebatilika. Lazima anunuliwe tena, na aliyeandika ndiye anunue. Sikulazimishi. Mnunuzi hujulikana. Kitauliza nani kamchukua, na lazima kijibiwe kwa jina na kwa mama, kama kilivyozoea. Siyo jina la uongo. Kishaonja majina."

Inapasa kusemwa wazi kwamba Mwatime aliogopa. Siku kumi na tatu alisitasita. Alimwandikia Charlotte barua ya kurasa mbili akiomba taarifa za mtoto zifutwe makao makuu, na tarehe 28 Mei Charlotte alimjibu, kwa huruma na kwa uthabiti, kwamba zimekwisha kuingia katika hesabu ya mwaka na hazina jina la mtu tena, ni tarakimu. Tarehe 3 Juni Jaa aliletwa akiwa amebebwa. Elphas alimpima mara tatu. Ratili thelathini na tatu. Alipomrudisha mikononi mwa Bi Amna hakuwa na mzaha wowote. Alisema amepeleka damu na kinyesi maabara, na kama hakuna jibu wiki ile, mtoto atalazwa. Mwatime aliuona mkono wa mtoto ukining'inia, mwembamba hata lebo ya kifundoni ilizunguka mara mbili, na lebo ile aliichapisha yeye.

Alhamisi, tarehe 6 Juni 2002, saa saba mchana, walikutana nyuma ya fleti, mahali penye pipa kubwa la chuma ambamo wapangaji wote hutupa taka zao. Swafwani aliiegesha teksi yake kuziba njia. Bi Amna aliuweka chini ungo aliokuja nao kutoka Wete, akamlaza mtoto juu yake, kivulini mwa pipa, akasogea nyuma hatua saba, akampa mtoto mgongo na kumwamuru Swafwani naye ageuke. Mwatime alikuja kutoka upande wa barabara, kama mpita njia, ameshika kibaba cha mchele.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

"Si cha mtu," Bi Amna alijibu bila kugeuka. "Ni taka."

"Ni changu," ilisema sauti ndani ya pipa.

Ilikuwa sauti ile ile ya kipaza sauti, ya mwanamke kijana, taratibu, yenye upendo, na ilipotoka harufu ya karafuu ilipanda kutoka katika maganda na nepi na mabaki ya vyakula ikawa nene kiasi cha kulemaza ulimi, na nzi waliokuwa juu ya pipa wakanyamaza wote kwa pamoja, na kifuniko cha chuma, ambacho wanaume wawili hukiinua kwa taabu, kikaanza kuinuka polepole upande mmoja kama kope la mtu anayeamka, na katika weusi uliokuwa chini yake Mwatime aliona, au alijiona anaona, vidole vyenye maji vikishika ukingo, vingi kuliko vya mikono miwili, na mtoto juu ya ungo, ambaye tangu asubuhi hakuwa na nguvu ya kugeuza shingo, akainua kichwa, akatabasamu kama atabasamuvyo mtoto aliyefuatwa shuleni na mama yake, akafungua kinywa aitike, na Mwatime akajua bila kuambiwa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho atakayoitika, kwamba kilichobaki juu ya ungo hakitoshi kwa mara nyingine, na kwamba Bi Amna, aliyekuwa amegeuka ukutani, hawezi kumsaidia, kwa sababu muuzaji haruhusiwi kusema neno baada ya kusema ni taka.

Akaumwaga mchele juu ya kifua cha mtoto.

"Nimenunua," alisema. "Mimi Mwatime, mama yangu Mwanasiti. Huyu amezaliwa na mimi leo. Wa Intisar wamekwisha."

Kifuniko kilisimama hapo kilipofikia. Kitu kilichokuwa ndani kilivuta pumzi ndefu, kama mtu anayeandika na kulirudia neno moja moja asije akakosea. Kisha sauti ikasema, na safari hii haikuwa ya mwanamke wala ya mtu:

"Mwatime. Wa Mwanasiti."

Hakuitika. Aliukamata mdomo wake kwa mikono yote miwili mpaka mdomo ukavuja damu, na kifuniko kikaanguka kwa kishindo kilichowatoa wapangaji madirishani, na nzi wakaanza tena.

Alimnyanyua mtoto, akamnong'oneza jina jipya katika sikio la kulia, kisha akaenda kumnong'oneza Bi Amna, akamkabidhi amlee kwa niaba yake. Jina hilo halikuandikwa katika fomu yoyote. Halikuandikwa hapa. Yale mawili ya zamani yameandikwa kwa sababu hayamfikishi tena mtu yeyote kwa yeyote. Ijumaa Swafwani alimleta mtoto kliniki kwa miguu yake, naye akapimwa. Na kabla ya mwisho wa mwezi familia ikahama mji, na mahali walikohamia makao makuu hawakuwahi kupajua, ingawa barua za kuuliza zilitumwa mara nne.

Elphas sasa anakaa Katy, katika nyumba yake mwenyewe, na kila wanapokusanyika Wakenya huombwa kukisimulia kisa hiki, kwa kuwa ni msimulizi hodari. Husema kwamba maabara iligundua minyoo, kwamba alimpa mtoto dawa, kwamba tangu siku hiyo uzito ukaanza kurudi, na kwamba baada ya kile kipaza sauti kibovu kubadilishwa hapakuitwa tena mtu asiyeonekana. Simulizi hiyo inapendeza, lakini si sahihi. Minyoo ilikuwapo, na dawa ilitolewa, lakini ilitolewa Jumatano, tarehe 12 Juni. Mtoto alipimwa Ijumaa, tarehe 7, akawa na ratili thelathini na tano, na mwandiko uliopo kwenye kadi ni wa Elphas mwenyewe.

Wala si kweli kwamba hapakuitwa tena mtu. Jumatatu, tarehe 10 Juni, saa nne na dakika ishirini, kipaza sauti kipya kikiwa na siku tatu ukutani, paliitwa, "Mwatime, mwanangu." Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, ya Mombasa, na Mwatime aliijua, kwa sababu alimzika mwenye sauti hiyo mwaka 1984. Aliendelea kuandika, hakuinua kichwa. Aliyetoka mlangoni na faili mkononi, akamgusa bega na kumwambia, "Dada, itika, mama yako anakuita," alikuwa Elphas.